Kikosi cha Mama Hasara

Bartolomayo alimkuta mkewe kwenye kizoleo cha taka, Jumamosi saa tisa alasiri, kati ya mfupa wa paja la kuku na maganda ya chingamu za bigijii. Alikuwa na tomato sosi usoni. Bartolomayo akainama, akamfuta kwa kidole gumba, akatazama tena, na ufagio ukamponyoka.

Anyesi alikuwa amekufa mwaka mmoja na miezi minane kabla ya siku hiyo.

Kilichokuwa kwenye kizoleo kilikuwa kadi ya kuchezea, ukubwa wa kiganja, imechapwa rangi. Anyesi amesimama mnadani, kamba ya ng'ombe mkononi, amevaa kitenge chake cha mabata, jicho la kushoto kalifinya kama alivyokuwa akimtazama mtu aliyetaja bei ya kipuuzi. Juu ya kichwa chake waliandika MAMA MWEKA NG'OMBE. Chini kulikuwa na maandishi madogo ambayo Bartolomayo, mtu wa darasa la nne, aliyasoma kwa muda mrefu, akiwa amesimama katikati ya mgahawa na vijana wakimpitia huku na huku kama nguzo.

"Mzee, iache hiyo," kijana mmoja alimwambia. "Hiyo ni Mama Hasara. Hata ya kuwashia mkaa haifai, ina nailoni."

Meza nzima ikacheka. Bartolomayo aliitia kadi kwenye mfuko wa shati na kuokota ufagio. Moyoni aliwapangia kila mmoja wao kifo chake.

Alikumbuka siku picha ile ilipopigwa. Ilikuwa mnada wa Chemba. Alikuja kijana mwenye kamera na miwani, akisema anakusanya mila za wafugaji, akamuuliza Anyesi maswali saa nzima, akamnunulia soda moja, ya moto, akaondoka. Wakasahau. Mwaka uliofuata Anyesi alianza kuvuja damu usiku wa kuamkia Jumatano, na mganga wa zahanati akasema apelekwe mjini haraka, lakini gari la wagonjwa halikuwepo. Lilikuwa kwenye msafara wa mkubwa mmoja aliyekuja kukagua maji, maji ambayo hayakuwepo pia. Lilirudi saa kumi jioni, limeoshwa linang'aa. Anyesi alikuwa ameshaacha kupumua tangu saa sita.

Picha yake pekee iliyobaki ilikuwa kwenye kadi ya kupigia kura. Karani wa dirishani aliichukua wakati wa kuandikisha kifo, akamwambia aifuate Jumatatu. Jumatatu akaambiwa aje Ijumaa. Ijumaa karani alikuwa amehamishwa, na aliyekuja badala yake alifungua droo moja, akaifunga, akasema, "Mzee, hapa hakuna kitu."

Basi Bartolomayo akawauzia watu kilichobaki, akahamia Chimwaga, akapata kazi ya kufagia kwenye mgahawa wa Evodia, nyuma ya hosteli za wanafunzi. Uso wa mkewe ulikuwa umeanza kumpotea. Aliweza kukumbuka mikono. Aliweza kukumbuka sauti akimkaripia mbuzi. Lakini uso ulikuwa unafutika kila siku, na hilo hakumwambia mtu, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyestahili kuambiwa.

Na sasa uso umepatikana kwenye takataka za wasomi.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi alifagia kwa macho. Vijana walikuja na pakiti zao za kadi, wakazichana kama watu wenye njaa, wakatoa zenye ukingo wa dhahabu, na nyingine wakazitupa chini. Anyesi alikuwemo karibu kila pakiti, na kila mara alitupwa. Alimwokota chini ya meza, kwenye sinki, mara moja hata chooni. Baada ya miezi mitatu alikuwa nao arobaini na mmoja, kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, pamoja na kadi nyingine za kutupwa alizozihifadhi kwa sababu zilikuwa na ng'ombe.

Mchezo wenyewe aliujua bila kufundishwa. Ukifuta meza miezi mitatu masikio hayafungwi. Uliitwa Zizi. Mtu anapanga kikosi cha kadi thelathini, zisizozidi nne za aina moja, anazilaza rundo mbele yake na kushika tano mkononi. Kila zamu anachota moja kwenye rundo na kucheza moja. Kadi za ng'ombe zinalazwa mezani, hilo ndilo zizi lako. Kadi za maangamizi, Simba, Fisi, Mwizi, na ile kubwa yao, Ukame, zinaua ng'ombe waliomo kwenye zizi la mpinzani. Ng'ombe wengi wana maziwa, na kwa kila maziwa unachota kadi moja ya ziada. Rundo la mchezaji yeyote likiisha, mchezo umeisha. Wanahesabiwa ng'ombe. Mwenye wengi kashinda.

Vijana wote walicheza namna moja. Walijaza vikosi vyao simba na ukame, ng'ombe wawili watatu wakavu wa kusingizia, wakashinda kwa kumfilisi mwenzao. Bartolomayo aliwatazama akiwa na kitambaa chake cha meza na kuona wakubwa watupu. Hivi ndivyo wanavyotawala, alijisemea.

Kadi ya Anyesi waliichukia kwa sababu ilisema hivi: *Mweke ng'ombe wako mmoja katika zizi la mwenzako. Maziwa ni ya mwenzako. Ng'ombe hubaki wako.* Nani amnyweshe adui yake? Ndiyo maana wakamwita Mama Hasara.

Siku tangazo lilipobandikwa ukutani, karibu na bei za chipsi, Bartolomayo alilisoma kwa kidole, neno kwa neno. Toleo jipya la Zizi linakuja. Kadi kumi na saba zisizochezwa na mtu hazitachapwa tena. Namba kumi na moja, Mama Mweka Ng'ombe.

Aliyelibandika alikuwa bado amesimama pale akiangalia kama limenyooka. Alikuwa Castory, mwenye mchezo, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye miwani. Wote walimwita Mkurugenzi na yeye aliitika. Ni yule yule wa soda ya moto, ila sasa alikuwa na kitambi na shati la kola ngumu. Hakumtambua Bartolomayo. Watu wa aina yake hawamtambui mtu waliyemwona akiwa amesimama karibu na ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Hii namba kumi na moja," Bartolomayo alisema, bila marahaba. "Imewakosea nini?"

Castory akatabasamu kama anayemweleza mtoto. "Haichezwi, mzee wangu. Tumechapa maelfu, zote zinaishia kwenye pipa. Mashine ya kuchapa inakula wino."

"Ikichezwa?"

"Nani aicheze? Mkiniletea mtu aingie mashindano ya mwisho wa mwezi na Mama Hasara kwenye kikosi chake, halafu ashinde fainali, kadi haitoki. Nasema mbele ya Evodia hapa." Akageuka kaunta. "Lakini itabidi huyo mtu awe mwehu."

"Evodia, umesikia?" Bartolomayo alisema.

Evodia, mwenye mgahawa, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita wateja waliovuka barabara, hakuinua macho kwenye kikaango. "Nimesikia, Mzee Barto. Na wewe umesikia meza ya nne wamemwaga supu?"

Jumapili, watu wakiwa kanisani, alizimwaga kadi zote juu ya mkeka chumbani kwake. Kanisani hakwenda tena. Padri alisema kwenye mazishi kwamba ni mapenzi ya Mungu, na Bartolomayo alijua lile gari lilikuwa wapi.

Alipanga kikosi kama Anyesi alivyokuwa akichagua mnadani. Wanaume walikimbilia madume yenye nundu, wakayapapasa, wakapandishiana bei. Yeye alikwenda nyuma, kwenye kona ambako hakuna mnunuzi, akafunua midomo, akatazama viwele, akarudi na kitu cha kuchekesha ambacho baada ya miaka miwili kilikuwa na ndama wawili. Bartolomayo alikuwa na Simba mmoja wa dhahabu aliyemwokota akiwa na kona iliyokunjika. Alimwangalia, akamrusha mlangoni. Hakuna simba aliyewahi kumsaidia mtu.

Anyesi wanne, hiyo haina mjadala. Kisha Ng'ombe Mkongwe wanne. Hao vijana waliwatupa kwa sababu walikuwa na mbavu nje, na kadi ilisema simba akiingia wanakufa wa kwanza. Lakini walikuwa na maziwa mawili kila mmoja, na simba hawezi kuingia kwenye zizi la mwenye simba. Ndama Yatima wanne, wasio na maziwa wala faida, wa kuacha nyumbani ili Ukame upate cha kuua. Boma la Miiba. Mbwa Koko. Kadi moja baada ya nyingine, zote zilizokanyagwa, nyingine bado zinanuka vitunguu. Alizihesabu mara tatu. Thelathini.

Jumamosi ya mashindano meza zilisogezwa, vijana wakajaa hadi nje. Watumishi wa serikali wa huko Mtumba walikuja na magari na vitambulisho vyao shingoni hata siku isiyo ya kazi. Bartolomayo akavua aproni, akaketi kwenye foleni ya kuandikishwa.

"Mzee Barto," Evodia alimwita. "Ukicheza, nani anafagia?"

"Waliochafua."

Castory alikagua kikosi chake kadi kwa kadi, kwa ncha za vidole. Alipomfikia Anyesi akasimama, akamtazama mzee juu ya miwani, akacheka pembeni ya mdomo. "Kumbe mwehu kapatikana," alisema. Akagonga muhuri.

Mechi mbili za mwanzo hata hazikumtoa jasho. Wanafunzi walikuja wakicheka, wakanywa maziwa wakicheka, na rundo lao likaisha wakiwa bado na simba sita mkononi wasio na cha kula; wote wawili walikubali wameshindwa bila kudai hesabu. Wa pili aliondoka mezani bila kuaga, na kwa hilo Bartolomayo alimheshimu kidogo.

Fainali alikutana na Sostenes.

Sostenes alikuwa bingwa mara tatu, ofisa katika ofisi moja huko Mtumba, mtu wa kunawa mikono kwa dawa kabla ya kugusa kadi. Kadi zake zote zilikuwa na jalada la plastiki. Alimwangalia Bartolomayo akizichanganya za kwake, zile za vitunguu, akasogeza kiti nyuma nusu hatua.

"Shikamoo, babu."

"Cheza."

"Hata salamu hutaki? Basi sawa. Nikikuonea usinishtaki kwa wazee wa kijiji."

Watu wakacheka. Bartolomayo akalaza Ng'ombe Mkongwe. Zamu iliyofuata akamtoa Anyesi, akamweka mezani taratibu, uso juu, akamchukua yule ng'ombe na kumsogeza upande wa Sostenes.

"Karibu, mama," Sostenes alisema, akimpigapiga yule ng'ombe wa karatasi. "Umetoka kwenye njaa umekuja kwenye shibe." Akachota kadi yake, akachota mbili za maziwa. "Jamani babu ananinywesha. Naona kesho atanifulia."

"Kunywa," Bartolomayo alisema.

Akaweka wa pili. Sostenes akawa anachota tano kila zamu. Mkono wake ukajaa kadi hadi akazishika kwa mikono miwili, simba kwa simba, na kila alipotazama ng'ambo aliona ndama mmoja yatima amesimama peke yake kwenye zizi la mzee. Akampiga kwa Fisi. Bartolomayo akaweka mwingine. Akampiga huyo kwa Simba wa Dhahabu, na watu wakapiga makofi kwa sababu ya ile dhahabu. Bartolomayo akapeleka ng'ombe wa tatu kwa jirani na kubaki na ndama mwingine.

"Ukame," Sostenes alisema hatimaye, akaibamiza kadi yake kubwa katikati ya meza. "Zizi lote la mpinzani linakufa. Pole, babu."

"Ua."

Akafa ndama mmoja.

Hapo kijana fulani aliyesimama nyuma ya Sostenes akaacha kucheka. Aliinama, akamnong'oneza kitu. Sostenes akatazama rundo lake. Lilikuwa limebaki unene wa biskuti. La Bartolomayo lilikuwa bado refu kama tofali.

Zamu yake ilipofika, Sostenes akachota kadi moja na kurudisha mkono mapajani.

"Maziwa," Bartolomayo alisema.

"Leo sinywi."

"Unakunywa."

"Babu, ni yangu, nikitaka nanywa, nisipotaka siyanywi. Nchi ina uhuru."

"Ng'ombe uliyewekewa huachi kumkamua kwa sababu umeshiba. Usipomkamua kiwele kinaoza, na mwenyewe akija unamlipa ng'ombe mzima. Kunywa."

Sostenes akageuka. "Mkurugenzi."

Castory alikuja na kitabu cha kanuni, alichokiandika yeye mwenyewe na kukipa jalada gumu. Alifungua, akasoma kimya, akasoma tena. Watu wakaanza kufurahi. "Kila zamu," akasema kwa shida, "mwenye zizi atachota maziwa yote yaliyomo. *Atachota.* Samahani, Sostenes. Tuliandika hivyo kwa sababu hatukufikiri kuna mtu atakataa."

"Hamkufikiri," Bartolomayo alisema. "Hapo umesema kweli."

Hakukuwa na kadi ya kuua ng'ombe ndani ya zizi lako mwenyewe. Nani aliyewahi kuitaka? Sostenes akachota, na kuchota, akilegeza ukosi wa shati, na zamu ya pili baada ya hapo mkono wake uligusa meza tupu. Rundo lilikuwa limekwisha.

"Tuhesabu," alisema haraka, na sauti yake ikapata nguvu tena. "Zizini kwangu nina ng'ombe watano. Zizini kwake hakuna hata nzi. Nimeshinda. Asante kwa maziwa, babu."

Akanyoosha mkono apongezwe. Baadhi ya watu wakaanza kupiga makofi. Castory naye, Bartolomayo aliliona hilo wazi, alipumua kama mtu aliyetua mzigo, akainua mkono wa Sostenes nusu ya njia.

"Ushushe huo mkono," Bartolomayo alisema.

"Mzee, wamo kwenye zizi lake," Castory alisema.

"Ndiyo. Nimewaweka mimi. Soma kadi."

"Najua imeandikwaje, lakini kwa maana ya mchezo—"

"Wewe ulikuja Chemba na kamera ukamuuliza mtu saa nzima jambo hili, naye akakueleza. Hukuelewa, ukaandika tu. Sasa kaa nikueleze mara ya pili, bila soda." Hakupaza sauti. Hakuwa na haja, mgahawa ulikuwa umenyamaza hadi mafuta kwenye kikaango yakasikika. "Kwetu mtu mwenye ng'ombe themanini unaweza kupita uani kwake ukamwona masikini. Kumi wako kwa shemeji, ishirini kule ng'ambo ya mto, wengine kwa mtu ambaye hata hampatani. Ugonjwa ukija haukuti kitu cha kumaliza. Wakubwa wakija kuhesabu, wakitaka wapunguzwe, wauzwe, walipiwe, wanakuta ndama mmoja. Anayewatunza anakunywa maziwa, anatia samadi shambani, anatamba mbele za watu. Lakini hata mtoto wa miaka sita anajua ni wa nani. Hapa mko watu wazima, mna vyeti, na huyu bwana ameona ng'ombe uani kwake akadhani ni wake." Akamgeukia Sostenes. "Ndiyo kazi yenu huko ofisini. Mnakabidhiwa vitu, mnavitunza, baada ya muda mnasahau mwenyewe ni nani."

Mtu mmoja nyuma akasema, polepole, "Eeh." Mwingine akacheka, safari hii si kumcheka mzee.

Castory akaichukua kadi. Akaisoma kwa sauti, kwa sababu watu walikuwa wanarekodi kwa simu na hakuwa na pa kukimbilia. "Ng'ombe hubaki wako." Akahesabu. Kati ya watano, watatu walikuwa wa Bartolomayo. Wawili wa Sostenes.

Sostenes alikusanya kadi zake moja moja ndani ya plastiki zake, akisema mchezo umeharibika, si mchezo tena, ni ujanja wa mnadani. Bartolomayo hakusikia. Alikuwa akimtazama Castory.

"Neno lako," alisema. "Haitoki."

"Haitoki, mzee wangu." Castory sasa alikuwa ameshapata sura yake ya kamera. Alimshika mzee bega, akawageukia wenye simu. "Jamani mmeshuhudia. Mama Hasara leo amezaliwa upya. Kwenye toleo jipya tunampandisha cheo, anakuwa kadi ya dhahabu. Na tutampa hadhi yake, mchoraji atamchora upya. Binti mrefu, shanga shingoni, jua linazama nyuma yake. Hii picha ya sasa tuliiweka tu kwa sababu ya haraka. Mama mwenyewe amechoka, amefinya jicho, nani atanunua?"

Bartolomayo aliuondoa ule mkono begani kama anavyoondoa tandu.

"Huyo mama aliyechoka," alisema, "ni mke wangu."

Simu moja ikashuka. Evodia kaunta aliweka kijiko chini.

"Alikufa. Sina picha yake nyingine. Nyingine mliipoteza."

"Sisi?" Castory alisema. "Mzee, sisi hatujawahi—"

"Ninyi. Wenye droo."

Castory alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema pole, na pengine alimaanisha, lakini aliendelea kusema, na hapo ndipo alipojimaliza. Alisema mchoraji ameshalipwa kwa toleo zima. Alisema ratiba ya wachapaji imeshapangwa, kuna watu juu yake pia, yeye peke yake hawezi kusimamisha. Bartolomayo aliyajua maneno hayo yote. Aliyasikia zahanati, aliyasikia dirishani. Hata mpangilio wake ulikuwa ule ule.

"Hizi za zamani," Bartolomayo alimkatiza. "Zenye sura yake. Zitakuwa halali kuchezwa?"

"Halali kabisa. Zilizopo mtaani zitachezwa siku zote, mradi zipo. Ila zipo chache sana, mzee. Hata ofisini hatuna hata moja. Zote zilitupwa."

"Najua zilipotupwa."

Alikwenda chumba cha nyuma alikoacha mfuko wake, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Kulibeba siku ile hakukuwa na sababu, ila hakuweza kuwaacha wamelala chini ya kitanda wakati yeye anawapigania. Akafungua kifuniko, akaongeza na wale wanne wa kikosi. Arobaini na mmoja. Alisimama nalo kwapani akatazama ndani, na akaona alichokuwa amekifanya miezi yote mitatu. Alikuwa ameweka ng'ombe wake wote kwenye zizi moja, chumba cha kupanga chenye paa la bati na mlango wa kufuli la kichina. Moto mmoja, mwizi mmoja, na uso unapotea mara ya pili. Anyesi angemfinyia jicho.

Alianza na Sostenes, aliyekuwa anafunga zipu ya begi.

"Shika."

Sostenes akatazama kadi. "Unanipa?"

"Sikupi. Ninakuwekea. Chezea, shinda nayo, wape maneno wenzako huko Mtumba, hayo ndiyo maziwa yako. Lakini yeye ni wangu. Siku nikija kumtazama nimkute msafi. Nikikuta umemkunja kona nitakuja mpaka kwenye kiti chako cha kuzunguka."

Sostenes akamwangalia mzee usoni. Akatoa jalada moja la plastiki, akamtoa Simba wa Dhahabu aliyekuwa ndani, akamtia Anyesi.

Bartolomayo akaenda meza kwa meza. Kwa wale wawili aliowafunga asubuhi. Kwa kijana aliyesema hafai hata kuwashia mkaa, ambaye alisimama kuipokea, kwa mikono miwili. Kila mmoja aliulizwa jina lake, anaishi hosteli gani, kwao ni wapi. Mmoja wa Songea, mmoja wa Tarime, mmoja Pangani. Aliyarudia majina kichwani kama alivyofundishwa na baba yake, kwa sababu mambo haya hayaandikwi. Hakumshukuru yeyote. Hakumpenda yeyote pia. Baba yake aliwahi kuweka dume zuri kuliko yote kwa mtu waliyewahi kutoleana mikuki, kwa kuwa mtu huyo alikuwa na nyasi.

Evodia alipewa wa arobaini. Akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mimi sichezi, Mzee Barto."

"Hata yeye hakuwa anacheza."

Evodia akamsimamisha Anyesi juu ya rafu, kati ya chumvi na redio, mahali ambapo mtu akiagiza lazima amwone.

Ikabaki moja kwenye kopo. Castory alikuwa amesogea karibu wakati wote ule, na sasa alinyoosha mkono, kiganja juu, kwa adabu ambayo hakuwa nayo asubuhi. "Na mimi mzee, kama hutajali. Ya kuhifadhi ofisini. Tuiweke kwenye kabati la kioo, na jina lake chini. Alikuwa anaitwa nani?"

Bartolomayo aliuangalia ule mkono. Ulikuwa laini, na saa ya chuma kwenye kifundo.

"Mtu haweki ng'ombe kwa Ukame," alisema.

Akatia kadi ya mwisho kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akavaa aproni. Chini ya meza kulikuwa na nailoni za pakiti, maganda ya miwa, na simba wawili watatu waliodondoka bila mtu kujali. Akachukua ufagio, akauanzisha pale pale Mkurugenzi aliposimama.

"Inua miguu," alisema. "Nafagia."